Suti na kabuti la kijivu kwa baridi ya Kabale na safari ya Edinburgh: nianzie wapi?

Mgeni wa Kigezi aliuliza:

Habari zenu ndugu zangu. Nimezaliwa na kukulia Arua, ambako mwanamume anaweza kumaliza mwaka mzima bila kulifikiria koti isipokuwa siku ya arusi, na kwa miaka 7 nimefanya kazi Kampala nikivaa suti nyepesi za dukani ambazo kwa joto la kule zilinitosha kabisa. Mwezi wa Agosti nimehamishiwa Kabale, katika milima ya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda. Hutoka nyumbani saa moja kasorobo asubuhi, wakati ukungu bado umelala bondeni, na nimegundua kwamba suti zangu zote mbili hazinifai, kwa sababu upepo hupenya kana kwamba nimevaa shati peke yake. Zaidi ya hayo, mwezi wa Januari natarajia kwenda Edinburgh, huko Uskoti, kwa mafunzo ya miezi 3, na ninaambiwa kwamba baridi ya Kabale ni utangulizi tu.

Nimeamua kwamba nguo zangu za baridi ziwe za kijivu. Nyeusi inanikumbusha mazishi, na samawati iliyoiva ninayo tayari. Nimetenga shilingi 900,000 kwa suti moja na kabuti moja, na ninaomba ushauri wenu juu ya mambo matatu. Kwanza, kijivu kipi? Nimekwenda dukani nikaonyeshwa vitambaa tisa, vyote vikiitwa kijivu, nami nikatoka nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Pili, je, kabuti moja linaweza kunifaa Kabale na Edinburgh pia? Tatu, nishonewe na fundi, ninunue mpya dukani, au nitafute mivumba, yaani nguo za mitumba?

Naomba pia mnisaidie kuelewa jambo lililonipata mwaka jana. Nilinunua suti mpya katika duka moja la Kampala, nikaipeleka kwa dobi mara tatu tu, na kifua cha koti kikaanza kutoa vipele kama chapati iliyo juu ya kikaango. Muuzaji alimlaumu dobi, na dobi akamlaumu muuzaji. Sitaki kosa hilo linirudie.

Fundi wa Kiyembe alijibu:

Ndugu Mgeni, karibu. Nimekuwa nikishona suti katika vichochoro vya Kiyembe, hapa Kampala, kwa miaka 26, na swali lako la kwanza ndilo ambalo wateja wengi huanza nalo, ingawa mimi hupenda liwe la mwisho. Anza na kitambaa, kisha mabega, kisha ndani ya koti, na rangi ije baada ya hayo. Rangi nzuri juu ya kitambaa kibaya haikai hata msimu mmoja.

Uzito wa kitambaa hupimwa kwa gramu za mita moja ya mraba. Suti nyingi zinazouzwa Kampala zina gramu kati ya 220 na 260, nazo ni nguo za mji ulio kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Wewe sasa unaishi kati ya mita 1,800 na 2,000, kwa hiyo tafuta sufu ya gramu 300 hadi 340. Uzito huo una faida nyingine ambayo watu hawaitaji: kitambaa kizito kiasi huanguka vizuri mwilini, suruali hushuka moja kwa moja hadi kwenye kiatu bila kujikunja, na mikunjo ya kukaa hujinyoosha yenyewe ukiitundika usiku. Kabuti ni habari tofauti. Kabuti la kweli la baridi huanzia gramu 500 na huweza kufika 700.

Ninasisitiza sufu kwa sababu nyuzi zake zina mawimbi ya asili, na katika mawimbi hayo hewa hunaswa ikabaki na joto la mwili wako. Sufu pia huweza kufyonza unyevu wa karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujausikia kwenye ngozi, na hilo lina maana kubwa mahali penye ukungu kama Kabale. Poliesta haina uwezo huo: asubuhi utasikia baridi ndani yake, na saa sita jua likiwaka utatoka jasho. Ukitaka kujua unachouziwa, omba nyuzi chache kutoka ukingo wa kitambaa uzichome kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na hubaki majivu yanayosagika kati ya vidole, ilhali poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Fanya hivyo hata kama ukingoni pameandikwa maneno ya Super 120 au Super 150, kwa maana nimeona maandishi hayo juu ya vitambaa ambavyo havijawahi kumkaribia kondoo. Namba hizo, zinapokuwa za kweli, hueleza wembamba wa uzi: Super 100 ina unene usiozidi maikroni 18.75, na Super 120 usiozidi 17.75. Kadiri namba inavyopanda ndivyo kitambaa kinavyokuwa laini na ndivyo kinavyozidi kuwa dhaifu kwenye mapaja na viwiko. Kwa mtu anayevaa suti kila siku, namba 100 au 110 inatosha, na sitakuuzia 150 hata ukiniomba.

Sasa vile vipele vyako. Ndani ya kifua cha koti lolote kuna kitambaa cha pili kinacholipa koti umbo. Katika koti lililoshonwa kwa utaratibu wa zamani, kitambaa hicho ni kanvasi ya pamba au sufu iliyochanganywa na singa za farasi, nacho hushikizwa kwa mishono ya mkono iliyolegea ili kiweze kutembea pamoja na mwili. Katika koti rahisi la kiwandani hubandikwa kwa gundi inayoyeyushwa na joto. Gundi hiyo ikiwa hafifu, joto la pasi na dawa za dobi huilegeza sehemu sehemu, na kitambaa cha juu kikaachana na cha chini. Kwa hiyo dobi alimalizia tu kazi ambayo kiwanda kilikuwa kimeianza. Kabla ya kununua, shika kitambaa cha kifuani kwa vidole viwili chini ya tundu la kifungo, ukivute nje na ndani kwa upole: ukisikia tabaka la tatu linaloteleza katikati, hiyo ni kanvasi, na usiposikia kitu isipokuwa ubapa mmoja mgumu, hiyo ni gundi. Kwa bajeti yako unaweza kupata koti lenye kanvasi kifuani na gundi nyepesi sehemu za chini, na hilo ni pato zuri.

Kuhusu rangi, wateja wangu wakishindwa kuitaja, mimi huwaambia wamkumbuke korongo aliye kwenye bendera yetu, si yule wa kuchorwa bali yule aliye hai kwenye vinamasi. Shingo yake ni kijivu cheupe, mgongo wake ni kijivu kilichokomaa. Chini ya hapo tunaongeza cha tatu, kijivu cha makaa, kinachokaribia weusi. Suti yako ya kwanza iwe ya mgongo wa korongo, yaani kijivu cha kati kinachoelekea gizani. Inafaa ofisini, kanisani, msikitini na kwenye usaili, na inakubali viatu vyeusi na vya hudhurungi pia. Kijivu cha makaa kinapendeza, lakini viatu vya hudhurungi nyepesi havikai nacho, na ukikivaa na tai nyeusi umerudi kwenye mazishi unayoyakwepa.

Kanuni ambayo sitaki uisahau ni kwamba kijivu cha kabuti kisikaribiane na kijivu cha suti. Vijivu viwili vinavyotofautiana kidogo tu huonekana kama mtu aliyejaribu kuvilinganisha akashindwa. Suti ikiwa ya kati, kabuti liwe la makaa au liwe jepesi kabisa. Kama lazima rangi zikaribiane, basi ufumaji utofautiane: suti iwe laini isiyo na mchoro, na kabuti liwe la ufumaji wa mfupa wa samaki, wenye mistari midogo ya kupinda kama herufi V, au la twidi yenye madoa madogo meupe na meusi kama manyoya ya kanga.

Mwalimu wa Kabale alijibu:

Fundi amenena vema, nami nitaongeza yale ambayo mtu huyajua kwa kuishi hapa tu. Baridi yetu haikai siku nzima. Alfajiri kipimajoto huweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi, hasa Juni na Julai wakati wa kiangazi ambapo usiku anga huwa wazi, lakini saa saba mchana unaweza kuwa kwenye nyuzi 23 ukitafuta kivuli. Mtu aliyevaa nguo moja nzito sana huteseka mara mbili. Ndiyo maana mimi, badala ya kuikimbilia suti nzito kupita kiasi, ninashauri suti ya gramu 300 pamoja na kizibao cha kitambaa hicho hicho, au sweta nyembamba ya sufu isiyo na mikono inayovaliwa chini ya koti. Saa nne unaivua na kuiweka mkobani, na suti inabaki kuwa suti.

Jambo la pili ni vumbi. Barabara ya kwetu ni ya marramu, yaani udongo mwekundu usio na lami, na bodaboda humfikisha mtu kazini akiwa na utando mwekundu kuanzia magotini kushuka chini. Nilikuwa na suti ya kijivu cha makaa ambayo kila asubuhi ilinisaliti mbele ya wanafunzi, kwa sababu juu ya rangi nzito vumbi jekundu huonekana kama limepakwa kwa makusudi. Kijivu cha kati kilichofumwa kwa nyuzi za rangi mbili au tatu zilizochanganyika hulificha vizuri zaidi. Mvua za Septemba hadi Novemba zinapoligeuza vumbi kuwa tope, usilisugue likiwa bichi. Liache likauke kabisa, kisha lipige brashi ya manyoya kufuata upande wa uzi. Mimi hupiga brashi suti yangu kila jioni na sijaipeleka kwa dobi zaidi ya mara mbili kwa mwaka.

Hakikisha pia kwamba kabuti lina mpasuo mrefu nyuma. Bila mpasuo huo huwezi kukaa juu ya bodaboda pasipo kulikunja lote kiunoni, na mshono wa nyuma utachanika kabla ya Krismasi.

Usiifungie nguo ya sufu yenye unyevu ndani ya kabati. Ukungu wa hapa huingia kila mahali, na kuvu hukaa kwenye kola kwanza. Itundike kwenye henga yenye mabega mapana, dirisha likiwa wazi, na uiache ipumzike angalau siku moja kabla ya kuivaa tena.

Mgeni wa Kigezi aliandika:

Nawashukuru sana, Fundi na Mwalimu. Nimejaribu kukichoma kitambaa cha suti yangu ya zamani, nacho kimebaki kidonge kigumu cheusi, kwa hiyo nimepata jibu la swali ambalo sikuwa nimeliuliza.

Kuna jambo nililosahau kulitaja. Mwezi wa Desemba nitakuwa katika kwanjula, yaani sherehe ya Kiganda ya utambulisho kabla ya ndoa, ya ndugu yangu upande wa Masaka, na wanaume wote tutavaa kanzu na koti. Je, koti la suti hii mpya linaweza kutumika hapo, au ninunue jingine?

Mzee wa Masaka alijibu:

Mwanangu, umeuliza jambo zuri, na vijana wengi hawaulizi. Kanzu ilifika Buganda katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara kutoka pwani, nasi tukaifanya yetu, tukaiongezea tarizi ya rangi ya damu ya mzee kifuani na shingoni. Koti la Kizungu lilikuja baadaye likakaa juu yake, na leo ukimwona mwanamume wa Kiganda kwenye kwanjula bila koti juu ya kanzu, utasema hajamaliza kuvaa.

Koti la suti linafaa, kwa masharti mawili. Lisiwe na mistari inayoonekana kwa mbali, kwa kuwa mistari hudai suruali yake, na ukiitenganisha nayo huonekana nusu ya kitu. Pia lisiwe la makaa. Juu ya kanzu nyeupe, weusi huo hukata mwili vipande viwili. Kijivu cha kati hutulia, na tarizi nyekundu ikiwa karibu nacho huwaka bila kupiga kelele. Kwa ngozi zetu nyeusi, kijivu chepesi pia ni kizuri mno, na ninashangaa kuona vijana wakikiogopa, kwa maana uso mweusi juu ya kijivu chepesi hung'aa kuliko juu ya rangi nyingine yoyote ninayoijua. Mimi nina koti la kijivu chepesi nililoshonewa mwaka 1988, na bado wakwe huniuliza nimelipata wapi.

Angalia urefu. Koti za siku hizi zinazoishia kiunoni hazifai kuvaliwa juu ya kanzu, kwa kuwa humfanya mtu aonekane amevaa nguo ya mdogo wake. Koti lifunike makalio. Mimi hupenda vifungo viachwe wazi ili tarizi ionekane, ingawa wapo wazee wenzangu wanaokifunga kimoja.

Aliyekaa Edinburgh alijibu:

Shikamoo Mzee, na salamu kwa wote. Nilikaa Edinburgh majira mawili ya baridi kwa masomo, kwa hiyo nitajibu swali la kabuti, na katika jambo moja nitatofautiana na Fundi kwa heshima.

Baridi ya Edinburgh mwezi wa Januari, ukiitazama kwenye namba, haitishi sana: mchana ni nyuzi 7 hivi, na usiku hushuka hadi 1 au 2. Kinachomuumiza mgeni ni upepo unaotoka baharini ukipanda zile barabara za mawe, pamoja na unyevu, pamoja na ufupi wa mchana, kwa kuwa mwanzoni mwa Januari jua hutua mnamo saa kumi jioni. Upepo huo huingia chini, kwa hiyo kabuti linaloishia mapajani halikusaidii. Liwe linafika magotini au chini kidogo, kola yake iweze kusimama, na kifua chake kifungike hadi juu. Kabuti la vifungo vya safu mbili hukinga kifua vizuri zaidi kwa sababu vitambaa viwili hupandana, lakini likiachwa wazi hupepea ovyo. Kwa mtu anayeingia na kutoka majengoni, safu moja ni rahisi zaidi.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wengi hawalitarajii. Ndani ya majengo yao kuna joto la kutosha mwaka mzima, na darasani utakaa kwenye nyuzi 20. Kwa hiyo suti yenyewe haihitaji kuwa nzito zaidi ya ile unayoihitaji Kabale, na kazi yote ya kupambana na baridi ifanywe na kabuti, skafu, glavu na viatu vyenye soli ya mpira. Suti ya gramu 320 itakufaa pande zote mbili. Kabuti moja kwa pande zote mbili, hapana. Lile la gramu 600 litakuwa adhabu Kabale ifikapo saa nne asubuhi. Kwa Kabale, kizibao cha Mwalimu na koti jepesi la mvua la gabadini vinatosha, na kabuti zito liwe la safari.

Ninapotofautiana na Fundi ni kwenye wepesi wa rangi. Alisema kabuti linaweza kuwa la makaa au jepesi kabisa. Kabuti jepesi ni zuri machoni, lakini kule utalivaa kila siku kwa miezi 3, utakaa nalo kwenye mabasi, litaloa, na mikono yake itachafuka kwenye mapindo mapema kuliko unavyodhani. Kulisafisha ni ghali. Chukua la makaa, hasa lenye mfupa wa samaki. Hakuna marramu Edinburgh, kwa hiyo hofu ya Mwalimu haikufuati huko.

Usisubiri kulinunua ukifika. Kuna maduka mengi ya hisani yanayouza makabuti mazuri yaliyotumika, na mimi mwenyewe nilipata la pili huko, lakini utatoka uwanja wa ndege ukiwa na kile tu ulichovaa mwilini. Livae ndani ya ndege pia, lisije likala kilo za mzigo wako.

Muuza Mivumba wa Owino alijibu:

Kwa swali la tatu, nitasema kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Kitambaa cha gramu 600 ni vigumu kukipata kikiuzwa kwa mita hapa Kampala, maana wanunuzi wake ni wachache. Ndani ya marobota ya mivumba, hata hivyo, makabuti ya sufu huja kila wiki kutoka nchi za baridi, na kwa sababu hiyo hiyo ya uchache wa wanunuzi huuzwa kwa bei ya chini kuliko thamani yake. Ningekushauri pesa nyingi ziende kwa fundi kwa ajili ya suti, na kabuti ulitafute kwetu. Njoo asubuhi marobota yanapofunguliwa.

Soma lebo ya ndani. Sufu asilimia 100 ni nzuri, na sufu asilimia 80 pamoja na nailoni 20 pia ni nzuri kwa kabuti, kwa kuwa nailoni huongeza uimara. Ikishuka chini ya asilimia 60, liache. Kisha linyanyue kuelekea mwanga uangalie matundu madogo ya nondo, na usitosheke na mgongo: angalia chini ya kola, kwapani na ndani ya mifuko, kwa kuwa viluwiluwi vya nondo hupenda mahali penye jasho na giza. Bitana iliyochanika isikukatishe tamaa, inabadilishwa. Mabega yasipokukaa, hata kama ni zuri namna gani, lirudishe kwenye henga.

Ukilifikisha nyumbani, usilitundike karibu na suti mpya mara moja. Lifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, liweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2, kisha ulipeleke kwa dobi. Wateja wangu wengine hutumia vidonge vya naftalini, lakini harufu yake haitoki upesi, na hutataka kukaa darasani ukinuka hivyo.

Fundi wa Kiyembe aliandika tena:

Ninakubaliana na Aliyekaa Edinburgh kuhusu makaa, nami nimejifunza. Kwa kabuti la kila siku, yuko sahihi.

Ndugu Mgeni, ninaongeza juu ya mabega, kwa kuwa Muuza Mivumba ameyagusa. Mimi ninaweza kupunguza kiuno, kufupisha mikono, kubadilisha bitana, kupandisha pindo, lakini kuvunja bega la kabuti na kulijenga upya ni kazi ghali kuliko kabuti lenyewe, na mara nyingi haitoki vizuri. Kwa hiyo unapolijaribu sokoni, uwe umevaa koti la suti ndani yake, si shati peke yake. Nyoosha mikono mbele kana kwamba umeshika usukani wa gari. Mgongo usibane, na mshono wa bega uishie pale bega lako linapoishia, au upite kwa sentimita 1 tu. Mkono wa kabuti ufunike mkono wa koti na wa shati kabisa, tofauti na koti la suti ambalo huacha shati lionekane kwa sentimita 1 hadi 1.5.

Mgeni wa Kigezi aliandika:

Ndugu zangu, sasa ninajua nifanyalo. Suti nitashonewa: sufu ya gramu 320, kijivu cha mgongo wa korongo, isiyo na mistari, kanvasi kifuani, koti linalofunika makalio kama Mzee alivyoagiza, pamoja na kizibao. Gabadini nitaitafuta baadaye, mshahara wa Desemba ukiruhusu.

Kabuti nimekwisha kulipata. Jana nilikuwa Kampala, nikafika soko la Owino asubuhi na mapema nikiwa nimevaa koti langu la zamani kwa ajili ya kupimia, na katika robota la pili kulikuwa na kabuti la makaa la mfupa wa samaki, sufu asilimia 80, safu moja ya vifungo, mpasuo mrefu nyuma, linalofika chini kidogo ya magoti. Nililinyanyua kuelekea mwanga, nikaona tundu moja dogo chini ya kola, na mabega yamekaa sawasawa. Nimelilipia shilingi 70,000. Bitana ya mkono wa kushoto imechanika, na mikono ni mirefu kwa sentimita 3. Sasa liko kwenye friza ya jirani yangu, ambaye amekubali kuniachia rafu ya chini kwa wiki 2.

Fundi, nitafika Kiyembe Jumamosi ya kwanza baada ya hapo kwa vipimo vya suti, nikija na kabuti ili mikono yake ifupishwe juu ya koti lenyewe. Je, nije na viatu nitakavyosafiri navyo? Soli zake ni nene kuliko za viatu ninavyovaa kazini.

Fundi wa Kiyembe alijibu:

Njoo na viatu vyote viwili. Nitapima urefu wa suruali juu ya vile vya kazini, na nitaacha sentimita 4 za akiba ndani ya pindo ili uweze kuishusha ukifika huko. Tundu la chini ya kola usiliguse kwa sindano, nitalifuma kwa uzi nitakaouchomoa ndani ya pindo la kabuti hilo hilo.